Baba Mkwe Anataka Nivute Bomba Kutoka Kisimani, na Mimi Najua Kilichomo

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu za mtu aliyeshikwa pabaya. Zamani mke wangu ndiye aliyekuwa akinisomea safu yako, akifika pale unapomkaripia mtu anacheka mpaka anaweka gazeti chini, sasa yeye hayupo na wa kukaripiwa safari hii ni mimi, basi nikaripie tu ilimradi uniambie la kufanya, maana nimefika mahali nikisikia baba mkwe anakohoa nje najifanya nimelala.

Mimi ni fundi bomba. Marehemu mke wangu alikuwa msusi, saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, kioo kimoja na benchi, na kelele za wanawake kuanzia asubuhi. Nyumba yenyewe imo kwenye kiwanja cha baba yake, sisi upande huu yeye upande ule, tunatazamana, na katikati kuna kisima ambacho alikichimba mwenyewe akiwa kijana, wakati mtaa wetu bado ni vichaka na nyumba za kuhesabika. Maji ya bomba yakikatika, na yanakatika kila mara, mtaa mzima unakuja kwake na ndoo, naye hatozi mtu hata senti, ndiyo maana wanamwita Mzee Kisima na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Mgeni akiingia, kabla hajaonyeshwa kiti ameshawekewa kikombe cha maji mkononi, na mzee anasimama pale pale kumwangalia usoni anavyomeza. "Eeh? Unayaonaje?" Lazima useme matamu. Mke wangu alikuwa akimtania, "Baba, siku mtu akisema yana chumvi utamfukuza?" Mzee anajibu, "Simfukuzi, namwongeza kikombe kingine mpaka ulimi wake upone."

Sasa mke wangu alianza na kiungulia, kisha maumivu hapa chini ya kifua hasa akiwa na njaa, tukasema ni vidonda vya tumbo, nani siku hizi hana vidonda vya tumbo, akawa ananunua dawa ya maji dukani, anakunywa funda mbili anaendelea kusuka. Alipoanza kukonda wateja wakawa wanamsifia, "Umependeza, unatumia nini?" na yeye anacheka anasema anatumia mume. Mpaka siku alipotapika kitu cheusi kwenye beseni la kuoshea nywele ndipo tukaenda hospitali kubwa, wakamwingiza mpira wenye kamera tumboni, wakatuambia ni saratani ya tumbo na imeshasambaa.

Daktari alituambia pia kwamba wamemkuta na bakteria anayeishi tumboni, akasema watu wengi wanaye tangu utotoni na wala hawaumwi, baadhi anawaletea vidonda, na wachache sana, baada ya miaka, ndio vinageuka kuwa saratani. Nikauliza mtu anampataje. Akasema mara nyingi ni ndani ya familia, mdomo kwa mdomo, mikono isiyooshwa, matapishi, na hata maji yaliyoingiwa na uchafu yanashukiwa. Akashauri walio nyumbani tupimwe, tukapimwa, mimi nikakutwa naye na binti yetu mkubwa akakutwa naye, mdogo hana, sisi wawili tukaandikiwa dawa.

Mambo yangeishia hapo kama asingekuja yule mtafiti. Ni mama mmoja wa makamo, anavaa mabuti ya mpira, alikuwa anapita mtaa kwa mtaa kuchukua maji ya visima kwa ajili ya utafiti wao, na baba mkwe alimpokea kwa furaha, akamchotea mwenyewe, akamwekea na kikombe cha kunywa. Aliporudi na majibu, mzee alikuwa hospitali kumwangalia binti yake, kwa hiyo yule mama akanikuta mimi. Tukakaa kwenye benchi la saluni. Akasema, "Baba, kisima hiki kinaingiwa na maji ya choo. Tumekuta vimelea vya kinyesi, na tumekuta pia vinasaba vya bakteria wa tumbo." Akamtaja. Jina lile lile lililokuwa kwenye midomo ya madaktari mwezi mzima. Akaniambia nimfikishie mwenye kisima, watu wasinywe maji yale bila kuyachemsha, nikamjibu sawa.

Kosa langu ni kwamba wa kwanza kumwambia alikuwa mke wangu. Sikuwa nimezoea kumficha kitu. Siku namwambia tulikuwa tumeshamrudisha nyumbani kwa sababu hospitali walisema hakuna zaidi, amelala kwenye godoro pale pale saluni maana alitaka kuona barabara, na mimi nikamweleza kama nilivyoelezwa. Akasema, "Fundi, funga mlango." Ndivyo alivyoniita tangu uchumba. Nikafunga. Akasema, "Baba asijue."

"Mama, watu wanakunywa."

"Nimesema baba asijue. Yule mzee akisikia ataona ni yeye aliyeniua. Hatalala tena. Niahidi hutamwambia."

Nikaahidi. Mkono wake ulikuwa umebaki mifupa na umeshika wangu, mshauri, wewe ungefanyaje? Baada ya siku chache akakata kauli, hawezi kusema tena, na baadaye akafariki, baba yake akiwa amemshika kichwa na mimi miguu.

Tangu tumzike naishi kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Nawachemshia wanangu maji jikoni nimefunga dirisha. Siku moja mzee akaingia ghafla, akaona sufuria, akaniuliza, "Hayo maji yamefanya nini?" Nikasema daktari kashauri kwa sababu ya kikohozi cha mtoto. Akatazama sufuria muda mrefu. "Mama yao nilimlea kwa maji haya haya, mabichi," akasema, "na kikohozi hakuwahi kuugua." Akatoka. Kesho yake hakuja kunywa chai kwetu. Na nje pale watu wanaendelea kuchota, juzi nilimwona mtoto wa jirani muuza mkaa anakinga maji kwa viganja anakunywa pale pale, nikageuza uso nikaenda kutafuta spana ambayo ilikuwa mfukoni mwangu.

Lililonifanya nikuandikie ni hili. Mzee ameamua kwamba kisima kiwe kumbukumbu ya binti yake. Anataka pampu, tangi juu, na bomba litoke mpaka nje ya ukuta kando ya barabara, mpita njia yeyote afungue anywe, watoto wa shule wanywe, na pale ukutani liandikwe jina lake. Ndicho kitu kimoja tu kinachomwamsha asubuhi. Mabomba ameshanunua, yamelala chini ya dirisha langu. Na fundi ni nani? Ni mimi. Nimempiga chenga mpaka zimeisha, mara viungo havilingani, mara gundi imekwisha, mara mgongo. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye ni seremala na ameshatengeneza jukwaa la tangi, alinifuata kazini akaniambia mbele ya vijana wenzangu, "Kwa watu unaunga bomba kutwa, kwa dada yangu mkono unakuwa mzito. Sema tu umeshapata mwingine." Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikimwambia mzee, nimevunja ahadi ya mwisho niliyompa mke wangu, na nahofia nitazika wa pili. Nisipomwambia, mikono yangu hii ndiyo itakayopeleka yale maji barabarani. Zaidi ya hayo yeye ni baba mkwe, nitaanzaje kumwambia maneno kama hayo mtu ambaye mpaka leo siwezi kumtazama machoni kwa heshima? Nisaidie kabla hajaita fundi mwingine.

Mimi, fundi bomba asiyelala

*

Fundi,

Pole. Pole sana kwa mwenzio, na pole kwa kubeba haya peke yako. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili nilikuwa sioni vizuri. Sasa kaa chini nikukaripie kama ulivyoomba.

Unasema shida yako ni ahadi. Hapana. Unawachemshia wanao maji umefunga dirisha, halafu mtoto wa muuza mkaa anakunywa mabichi mbele ya macho yako na wewe unatafuta spana. Mke wako hakukuahidisha hilo. Alikuomba umlindie baba yake moyo, hakukuomba uwalinde wanao uache wa wenzio. Yule alikuwa binti anayekufa, anamwonea huruma mzazi wake, akasema alichokiona kutoka pale godoroni. Tangi hakuliona. Bomba la barabarani hakuliona, wala watoto wa shule waliopanga foleni chini ya jina lake. Unadhani mwanamke aliyekuwa anamtania baba yake kuhusu chumvi angekubali jina lake liandikwe juu ya maji yenye choo? Unamjua kuliko mimi. Jijibu mwenyewe.

Kabla sijakuandikia nilimtafuta daktari wa matumbo nikamsomea sehemu inayomhusu. Sikiliza alichosema, maana hapo ndipo penye msaada wako na wewe umepapita mbio. Kukuta vinasaba vya bakteria huyu majini si sawa na kumkuta yu hai. Kumwotesha maabara kutoka kwenye maji ni kazi ngumu mno, hivyo wanatafuta alama zake, na alama zinasema alipita hapo, hazisemi alimwingia nani. Wengi humpata wakiwa wadogo, kutoka kwa mama, kutoka kwa ndugu, kwenye kijiko kimoja. Mke wako alimpata wapi? Daktari anasema hakuna kipimo duniani cha kumwambia, na hakitakuwepo. Huenda ni kisimani, huenda sivyo. Na hata aliye naye, kwa nini mmoja augue saratani na mia wazeeke naye salama, hilo nalo hakuna anayelijua sawasawa.

Kwa hiyo hukumu ya kwamba mzee amemuua binti yake haiko kwenye karatasi ya mtafiti. Iko kichwani mwako, na ilikuwa kichwani mwa marehemu kwa sababu ya uchungu. Usimpelekee mzee hukumu ambayo hakuna aliyeitoa. Mpelekee habari iliyo ya hakika: choo kinavuja kisimani. Hilo peke yake linatosha kufunga kisima chochote, hata kama bakteria wa tumbo asingekuwepo kabisa, maana maji hayo yana kuhara na homa za matumbo zinazomngoja mtoto yeyote.

Akikuuliza, "Ndiyo yaliyomuua mwanangu?", na atakuuliza, usimdanganye kwa kusema hapana. Mwambie, "Hatujui, baba, na hakuna anayejua." Kisha nyamaza. Usijaze maneno hapo.

La heshima ya mkwe, nakuelewa, lakini heshima si kumwacha mzee awagawie watu maji yenye choo mpaka aje aambiwe na mgeni mbele ya mtaa. Hiyo ndiyo ingekuwa aibu. Mpigie leo yule mama wa mabuti, mwombe aje. Yeye aseme ya maji, wewe useme ya kwako. Na shemeji yako awepo, kwanza amsikie baba yake akiambiwa, pili akuombe radhi kwa ule upuuzi aliokutamkia kazini.

Lakini usisubiri kikao ndipo uokoe watu. Ukimaliza kusoma gazeti hili nenda kwa muuza mkaa, na jirani wa pili, na wa tatu, waambie maji yachemke mpaka yatokote, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko, yachotwe kwa kata yenye mpini, si kwa kikombe kinachozama na vidole. Wewe na binti yako mmeze dawa mlizoandikiwa mpaka ziishe, nawajua wanaume, mkipata nafuu mnaziacha kabatini. Na mzee naye akapimwe.

Hayo mabomba yaache chini ya dirisha. Hayaozi.

Mshauri wako

*

Barua hii ya pili ilifika baada ya majuma kadhaa. Mwenyewe ameniruhusu niichape.

Mshauri,

Niliwaambia majirani siku ile ile. Muuza mkaa alinitukana kwanza, kisha akaniuliza mtoto wake ampeleke wapi. Kabla jua halijazama mtaa wote unajua, kwa hiyo hata ningetaka kurudi nyuma nisingeweza, ikabidi nimpigie mtafiti aje kesho yake asubuhi.

Tulikaa watu wanne kwenye ukumbi wa mzee: yeye, shemeji, mtafiti na mimi. Mtafiti alisema yake vizuri, kwa upole, na mzee alisikiliza ameweka mikono juu ya fimbo. Hakuuliza habari ya binti yake. Aliuliza choo kipi. Mtafiti akasema hawezi kujua, vyoo vimeongezeka sana siku hizi, na ardhi ya huku inapitisha. Mzee akasema, "Nilipochimba hapakuwa na choo hata kimoja." Alisema hivyo mara tatu, kama anayejitetea kwa polisi, na mtafiti kila mara akamjibu, "Najua, mzee."

Mtafiti alipoondoka ndipo nikamweleza mzee ya ahadi. Nilizungumza nikiangalia sakafu. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo alijua."

"Alijua, baba."

"Na siku ile aliniomba maji." Mimi siku hiyo sikuwepo, nilikuwa nimekwenda kuchukua dawa, sikuwa najua hili mpaka aliponieleza. Siku ya mwisho aliyokuwa anaweza kusema, mke wangu alimwomba baba yake maji ya kisima, mzee akachota, akamnywesha kwa kijiko, na akamuuliza kama kawaida yake, unayaonaje. Akamjibu, matamu.

Shemeji yangu alitoka nje. Mimi na mzee tukabaki tunalia kila mtu upande wake, na heshima ya ukwe ikaenda ilikokwenda.

Hakuniuliza lile swali ulilonitayarishia, mshauri, siku hiyo hakuuliza. Shemeji alipigilia mbao juu ya kisima, zile zile za jukwaa la tangi, kisha akaja kunishika bega bila kusema neno, nikajua ndiyo radhi yenyewe. Mzee aliingia ndani na hakuonekana siku nyingi. Chakula tulikuwa tunamwachia mlangoni, mara kinaliwa mara hakiliwi.

Jana ndipo alipokubali kupimwa. Nilimpeleka mwenyewe. Walimpa dawa ya kunywa, tukasubiri, kisha wakampa kifuko apulize, maana bakteria huyu wanampima kwa pumzi. Akapuliza kidogo tu, mhudumu akasema, "Mzee, vuta pumzi, puliza kwa nguvu." Akapuliza tena. Majibu yakatoka: anaye. Mhudumu akamweleza kwamba asiwe na wasiwasi, pengine amekuwa naye tangu utoto, na tumbo lake halionyeshi dalili ya kusumbuka.

Mzee akamtazama yule mhudumu, binti ambaye kwa umri ni kama mke wangu, akamuuliza, "Tangu utoto?"

"Inawezekana, babu."

"Mimi niwe naye miaka yote hiyo nisiugue, na mwanangu augue. Kwa nini?"

Yule binti akanitazama mimi. Nami nikamjibu mzee kama ulivyonifundisha, kwamba hatujui, na hakuna anayejua, kisha nikanyamaza. Tulikaa kwenye benchi la pale hospitali muda mrefu, watu wanapita na makaratasi yao, mpaka dirisha la dawa likafunguliwa, tukaitwa, akanikabidhi fimbo yake nimshikie akaenda kupokea dawa.